Macho ya Bibi wa Kisesa

Ndugu msomaji, naomba nianze na aibu yangu mwenyewe, maana nikianza na historia utadhani mimi ni mtu mwema.

Ilikuwa Jumamosi, jua limeshainama. Nilikuwa natoka Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padre David Clement miaka ya 1950. Nilikwenda kutafuta mali ya riwaya yangu. Wenzangu mnaoandika mnaijua safari ya namna hiyo: daftari la mistari, kalamu mbili (moja haiandiki), na nauli ya kurudi tu. Nilikuwa nimezitazama ngoma za watemi mpaka mlinzi akanichoka, nikalizunguka lile jengo lenye umbo la kiti cha enzi, nikajaza kurasa sita. Nilijiona mtaalamu wa mambo ya wazee. Nikapanda daladala ya kwenda mjini, nikapata na kiti cha dirishani. Bahati iliyoje!

Kabla gari halijaondoka akaja bibi mmoja. Mfupi, mgongo umepinda, fimbo mkono wa kulia, na kwapani kafunga fundo la kanga ambalo baadaye nilijua ni michembe. Konda akapiga bodi, "Bibi panda, bibi panda, twende!" Bibi akapanda kwa shida, akasimama katikati, akainua uso kutafuta pa kukaa. Macho yake yalikuwa mekundu. Si mekundu ya usingizi, la. Mekundu kama kaa la moto lililoanza kuzimika.

Gari lote likanyamaza. Nakuambia ukweli, dakika moja kabla watu walikuwa wanabishana Simba na Yanga, ghafla kimya. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akavuta kitenge akamfunika mtoto uso. Kijana aliyekuwa pembeni yangu akasogeza mguu ndani, kama anakwepa maji. Na mimi je? Mimi mwenye kurasa sita za heshima ya wazee wa Kisukuma niligeuka dirishani nikaanza kusoma kibao cha duka la mbolea. Nilikisoma mara tatu.

Aliyesimama ni binti wa shule, sare ya bluu na nyeupe, labda kidato cha pili. "Mwadila mayu," akasema, kwa sauti ya kusikika gari zima. "Njoo ukae hapa." Akamshika mkono, akamkalisha, akapokea lile fundo akaliweka miguuni pake mwenyewe. Halafu hakuuachia ule mkono. Nyamhongolo, Igoma, Nyakato, binti kasimama kajikunja chini ya bati, kamshika bibi mkono, wanaongea habari za mjukuu aliyelazwa Bugando. Kufika Buzuruga watu walishaanza tena habari ya mpira.

Usiku ule sikulala. Mimi si mtu wa kukosa adabu, jamani. Wazee wa kiume nawapisha kila siku. Kilichonigeuza dirishani ni nini? Ni yale macho. Na nilipofika hapo nikajua kwamba hofu ile sikuitunga mimi. Nilirithishwa, kama mtu anavyorithishwa jina. Basi nikaanza kuifuatilia.

Nilianza na shangazi yangu aliyeko Misungwi, maana huyo haogopi swali. Sikuuliza kitu, nilikaa tu jikoni kwake. Jiko lenyewe ni kijumba cha udongo, mlango mmoja, dirisha hakuna. Mafiga matatu. Kuni hakuna, ni vijiti vya pamba vilivyovunwa msimu uliopita na mavi makavu ya ng'ombe. Baada ya robo saa nilikuwa natokwa machozi na makamasi kama mtoto. Shangazi akacheka sana. "Wewe robo saa tu, mimi miaka arobaini." Hapo ndipo nilipoyaona macho ya shangazi yangu kwa mara ya kwanza, ingawa nimemjua tangu nizaliwe. Na yeye yameanza.

Sasa, kwa nini hakuna kuni? Hiyo nayo ni historia. Usukuma haukuwa uwanda mtupu siku zote. Wakati wa Waingereza misitu ilifyekwa maeneo makubwa, hasa Shinyanga, ili kumfukuza mbung'o. Kisha ikaja pamba, na pamba inataka shamba, na shamba linataka shoka. Ng'ombe nao wakaongezeka. Hali ikawa mbaya kiasi kwamba mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kuwahimiza watu warudishe ngitili zao, yale malisho ya akiba waliyoyatunza mababu. Kwa hiyo yale macho ya bibi wa Kisesa, ukiyasoma vizuri, utakuta mna pamba, mna mbung'o, mna mkoloni, na mna jiko lisilo na dirisha. Vipele vya trakoma vinamalizia kazi. Lakini mganga mpiga ramli hasomi hivyo. Yeye anasoma neno moja tu.

Usinielewe vibaya, ndugu msomaji. Sidai kwamba zamani kulikuwa peponi. Imani ya uchawi ilikuwepo, na watu walituhumiwa. Ila Simeon Mesaki, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyeandika sana juu ya mauaji haya, anaonyesha kwamba zamani shauri kama hilo lilikuwa na mwenyewe. Lilifika kwa mtemi. Wapo waliouawa, ndiyo, lakini mara nyingi mtuhumiwa alifukuzwa katika nchi ya mtemi huyo, akahamia kwa mwingine, akaanza maisha upya. Mwaka 1928 Waingereza wakaleta Sheria ya Uchawi. Sheria ile ilimtia hatiani anayejidai mchawi na vilevile anayemtuhumu mwenzake. Mwaka 1963, Uhuru umeshapatikana, utawala wa machifu ukafutwa kisheria. Sisemi ilikuwa makosa. Nasema tu kwamba hofu ilibaki palepale, lakini mahali pa kuipeleka hapakuwepo tena. Hofu isiyo na baraza hutafuta giza. Ikatafuta usiku, na panga, na vijana wa kukodi.

Halafu vikaja vijiji. Msukuma alizoea kukaa mbalimbali, kaya huku, kaya kule, katikati mashamba na mbuga. Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu walihamishwa, wengi kwa nguvu, wakapangwa kwenye mistari. Mzee aliyekuwa akijulikana na majirani zake kwa miaka hamsini, leo mlango wake unatazamana na mlango wa mtu asiyemjua. Mtoto wa jirani akiugua surua, fisi akilia nyuma ya nyumba usiku, nani mwenye kosa? Yule mgeni mwenye macho. Kila mtu alikuwa mgeni kwa mwenzake, lakini mzigo ulimwangukia ajuza.

Mauaji yakazidi hata serikali ikashtuka. Mwaka 1976 ukafanyika msako mkubwa Mwanza na Shinyanga, watu kwa mamia wakakamatwa. Hapa ndipo historia yetu inapouma mara mbili, maana katika kuwahoji watuhumiwa wa mauaji wapo walioteswa, na wapo waliofia mikononi mwa vyombo vya dola. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani akajiuzulu kwa sababu hiyo, ingawa si yeye aliyempiga mtu. Waziri huyo alikuwa Ali Hassan Mwinyi, ambaye mwaka 1985 alikuja kuwa Rais. Tunakisoma kisa hiki kama somo la uwajibikaji, na ni kweli ni somo. Lakini nimegundua kitu. Wote tunalijua jina la waziri aliyejiuzulu. Kati ya wale bibi ambao kwa ajili yao msako wenyewe ulifanyika, hebu nitajie mmoja.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaja sungusungu. Riwaya yangu ndiyo inayowahusu, kwa hiyo nisiseme mengi nikaimaliza hadithi. Walianzia huko Shinyanga na Kahama kupambana na wezi wa ng'ombe na majambazi, na walifanya kazi ambayo polisi iliwashinda. Wazee wetu bado wanawasifu, na wana haki. Ila mahali pengine, wakiisha kumaliza wezi, waligeukia "wachawi". Na mchawi ni rahisi kumkamata kuliko mwizi. Mwizi anakimbia.

Hesabu za serikali za miaka ya 1970 hadi 1984 zinaonyesha zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu yao katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Usidhani yaliisha. Mwaka 2009 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti kwamba katika miaka mitano wanawake wazee zaidi ya 2,500 walikuwa wameuawa katika mikoa minane, na Mwanza ndiyo iliyoongoza. Mkoa wangu. Tunajivunia samaki na mawe, na hilo nalo ni letu. Ni miaka hiyohiyo, kuanzia 2007, ndugu zetu wenye ualbino walipoanza kuwindwa kandokando ya ziwa hili hili, na nyuma ya panga alikuwa mpiga ramli yuleyule.

Yupo mchumi mmoja Mmarekani, Edward Miguel, alichunguza vijiji vya wilaya ya Meatu, akachapisha matokeo mwaka 2005. Aligundua kwamba miaka ya ukame au ya mafuriko mauaji ya "wachawi" yalikuwa mara mbili ya miaka ya kawaida, wakati mauaji mengine hayakuongezeka. Na waliouawa karibu wote ni wanawake wazee, na wauaji mara nyingi ni ndugu. Soma tena hapo. Mvua ikigoma, chakula kikipungua, mdomo mmoja unaonekana umezidi mezani. Ongeza na shamba ambalo bibi mjane analikalia na mtoto wa shemeji analitamani. Uchawi unakuja baadaye, kama nguo ya kufunikia.

Na wale wanaopenda kusema "ushamba wa Wasukuma huo", waambieni wasome vizuri. Ulaya walichoma na kunyonga maelfu kwa maelfu kwa karne tatu, wengi wao wanawake. Uswisi, nchi ya saa na benki, ilimkata kichwa Anna Göldi mwaka 1782 baada ya tuhuma za namna hiyohiyo. Alikuwa mfanyakazi wa ndani.

Lakini neno lililonikaa sikulipata kwenye kitabu. Nililipata kwa shangazi, siku ileile ya moshi. Nilimuuliza inaanzaje. Nilitegemea aniambie habari za ramli, au za barua, au vijana wageni wanaoonekana kijijini. Akageuza ugali mara mbili tatu kabla ya kujibu.

"Inaanza watu wakiacha kumsalimia."

Akanieleza. Kwanza anapita mtu njiani anajifanya hakumwona. Kisha akienda kuomba moto au chumvi anaambiwa imekwisha. Kisimani anaachiwa nafasi kubwa, kama vile ana ukurutu. Watoto wanaitwa ndani akipita. Hakuna aliyemtukana wala aliyemgusa. Inaweza kuchukua mwaka mzima. Wauaji wakija usiku wanamkuta mtu ambaye kijiji kimeshamzika, wao wanakuja kumalizia tu. Na asubuhi kila mtu anasema kwa dhati ya moyo wake, mimi sikufanya kitu.

Mimi sikufanya kitu! Nilisoma kibao cha mbolea!

Ndiyo maana nasema yule binti wa Kisesa hakutoa kiti tu. Kutoa kiti ni adabu, tunafundishwa tangu chekechea. Yeye alimsalimia kwa sauti mbele ya watu ishirini na tano ambao walikuwa wameshaanza, bila kuambizana, kumtoa bibi yule katika hesabu ya watu. Alimrudisha. Na ule mkono aliokataa kuuachia ulikuwa ushahidi: tazameni, nimemshika, sijafa, sijageuka fisi. Yule mama wa mbele alifunua kitenge tulipofika Igoma, nilimwona. Mtoto akamtazama bibi, bibi akamchekea kwa meno mawili.

Wenzetu wa Magu walilijua hili mapema. Huko kuna shirika liitwalo MAPERECE ambalo, likisaidiana na HelpAge, limefanya kazi na wazee wa vijijini kwa miaka mingi. Mimi nilidhani watu kama hao wanakuja na semina na fulana. Kumbe walijenga majiko sanifu yenye bomba la kutolea moshi, wakakarabati nyumba za wazee wanaoishi peke yao, wakafundisha watu wa kijijini kushughulikia mirathi na mashamba ya wajane, wakatumia ngoma na nyimbo, maana Msukuma ukitaka akusikilize umpigie ngoma. Jiko! Mimi nilikuwa natafuta chanzo cha hofu kwenye vitabu, wao waliingia jikoni wakatoboa bomba. Serikali nayo ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, na mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Sera ni nzuri. Daladala haijaisoma.

Sasa nije kwetu tunaoandika, maana gazeti hili ni letu.

Baada ya kurudi Misungwi nilifungua mswada wangu, sura ya tatu. Humo nilikuwa nimemweka bibi kizee. Anakaa peke yake mwisho wa kijiji, ana paka, haongei, na macho yake, niliandika kwa madaha kabisa, "yalikuwa mekundu kama damu". Katika sura ya tisa inagundulika kwamba ndiye aliyeua watoto wa kijiji. Nilijivunia sana mshangao ule. Rafiki yangu mmoja aliyeusoma alisema umemsisimua. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza bibi huyo anapikia nini. Nimezisoma hadithi za namna hiyo tangu darasa la tatu, nimeziona kwenye filamu zetu za video, ajuza akitokea tu muziki unabadilika. Hivyo mpaka nafika kwenye ile daladala nilikuwa nimefundishwa vizuri, na nilikuwa najiandaa kufundisha wengine.

Nikamkumbuka mzee wetu wa ng'ambo ya maji, Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Aliandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, na isichapwe. Miaka ikapita, mzee akazeeka na miswada yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaja Ukerewe mume na mke, Wamarekani, Gerald na Charlotte Hartwig, watafiti. Hawakuwa jamaa zake. Wangeweza kuandika maelezo yao na kuondoka. Waliketi na mzee, wakamsikiliza, wakamhimiza, na yeye mwenyewe akaitafsiri kazi yake kwa Kiswahili. Ilitoka mwaka 1980, Tanzania Publishing House, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mwaka uliofuata mzee akafariki bila kukishika kitabu chake. Huwa nafikiri juu ya yale mazungumzo barazani. Ni riwaya ngapi nyingine zimekaa kwenye vichwa vya wazee ambao tunawapita tukisoma vibao?

Sura ya tatu nimeifuta. Ya tisa imebaki bila muuaji, na kwa kweli sijui nitafanyaje. Wajuzi wa kupanga visa mnisaidie.

Wiki tatu baadaye nilirudi Bujora. Wakati wa kurudi nilikaa kiti kilekile kwa makusudi, nikitazama mlango. Unajua ninachotaka kusema: bibi yule hakuja. Maisha si riwaya. Ila pale Igoma akapanda mwingine, mrefu huyu, na ndoo ya dagaa kichwani, na macho yake yaleyale. Moyo ulinidunda, sikatai. Nikasimama. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyopanga, abiria wote wakageuka.

"Mwadila mayu!"

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu. Karibu ukae, bibi."

Nikapokea ndoo, akakaa, akashusha pumzi. Harufu ya dagaa ikajaa. Konda akaguna. Nikamshika mkono kama nilivyoona yule binti akifanya, na mkono wenyewe ulikuwa mkavu na wa moto, mkono tu kama wa mtu yeyote. Akaniangalia usoni kwa muda mrefu, kwa karibu, mpaka nikataka tena kugeukia dirisha.

"Mjukuu wangu," akasema, "mbona macho yako mekundu hivyo?"

"Nimekesha, bibi. Naandika kitabu."

Akautazama mkono wangu ulioshika wake, akanitazama tena machoni, akatikisa kichwa taratibu. Halafu akauvuta mkono wake polepole, akasogea dirishani kidogo. Gari zima likacheka, na yeye akacheka kuliko wote.